Madamu Alipobiringisha Kilima

Usiku wa kuamkia leo Ambakisye aliota ndoto. Angeisimulia mwenyewe, lakini akiisimulia yeye anaruka sehemu zinazomwaibisha, na sehemu hizo ndizo tamu. Kwa hiyo kaeni vizuri, naisimulia mimi.

Kwanza mjue alilala akiwa na nini kichwani. Ambakisye, ambaye sisi majirani tunamwita Baba Lugano, ana ng'ombe mmoja wa maziwa huku kwetu Rungwe, anaitwa Madamu. Jina alilipata kwa sababu ya mwendo wake. Anatembea bandani kama mwalimu mkuu anayekagua mistari ya wanafunzi. Madamu alitoka kwenye kikundi chetu cha wafugaji, na masharti ya kikundi kila mtu anayajua. Ukipewa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, ndama wake jike wa kwanza si wako. Unamlea mpaka aache kunyonya, kisha unamkabidhi jirani anayefuata. Akizaliwa dume, huyo ni wako, na jirani anaendelea kusubiri.

Jirani anayefuata ni Mama Sekela, mjane wa ng'ambo ya kijito. Amejenga banda, akaliezeka, akapanda majani ya guatemala ya kulishia ng'ombe mpaka mpakani. Kila asubuhi anafagia banda ambalo halijawahi kukanyagwa na kwato. Watu wanamcheka kweli, na mimi pia nimewahi kumcheka. Yeye anasema, "Chekeni tu. Mgeni akija atakuta pasafi."

Sasa jana jioni Madamu, ambaye mimba yake imekomaa hasa, alianza kuhangaika. Akalala, akainuka, akajipiga tumbo teke, akainua mkia. Hakikutoka kitu, hata chupa ya uzazi haikuonekana. Halafu ghafla akatulia, akasimama anatazama ukuta.

"Baba Lugano, mpigie daktari wa mifugo," alisema mkewe, Bupe. "Uchungu ukianza halafu ukanyamaza, kuna jambo."

"Jambo gani? Dume huyo," Ambakisye alijibu. "Madume hukawia."

Tena hakuishia hapo. Aliinama karibu kabisa na tumbo la Madamu, akasema kwa sauti, "Ee Mungu, awe dume tu." Kisha akaingia ndani, akanywa chai, akalala fofofo. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza anayoiruka.

Basi, ndotoni, mlango unagongwa. Ni mchana kweupe, jua limewaka na ukungu wote umekwenda zake. Ambakisye anafungua, anakuta glavu mlangoni. Si mtu aliyevaa glavu, jamani. Ni glavu yenyewe, ile ndefu ya plastiki inayofika begani, imesimama kwa vidole viwili na mkoba umening'inia kwenye kidole gumba.

"Shikamoo," anasema Ambakisye, kwa sababu Glavu anaonekana ni msomi.

"Marahaba. Mimi ndiye daktari. Mgonjwa yuko wapi?"

"Na mwenye mkono je?"

"Mwenye mkono yuko semina. Kazi huwa naifanya mimi, sema watu hawajui. Twende."

Wanafika bandani. Madamu amevaa miwani. Ambakisye anasimama mbele yake, anamwamkia, kama ilivyo heshima, na Glavu anafungua mkoba, anatoa kipande cha sabuni na kukiweka juu ya nguzo.

"Dalili?" anauliza Glavu.

"Alihangaika, kisha akatulia. Nadhani ana dume tumboni, amekawia."

"Kutulia huko ndiko kunakonitia wasiwasi. Kizazi kimejipinda. Kimejipinda upande gani?"

Ambakisye anamtazama Madamu usoni, anakisia. "Kulia."

"Unatazama kutoka wapi?"

"Kutoka mbele."

"Upande wa ng'ombe hutazamwa kutoka nyuma. Ukikosea upande, tutazidi kumsokota. Nenda nyuma."

"Nyuma?" Ambakisye anaona haya. "Mimi na Madamu hatujazoeana hivyo."

"Nenda tu, Baba Lugano," anasema Madamu. Sauti yake ni nzito, ya mtu aliyezoea kufungua vikao. "Ila futa miguu kwanza."

Anafuta miguu. Anakwenda nyuma. Glavu anamwambia, "Nivae," naye anamvaa. Mkono unaingia, kiwiko kinaingia, bega linaingia, halafu kinaingia kichwa, na mwisho yanaingia mabuti. Madamu anageuza shingo na kusema hapo kuna ngazi, aangalie asijikwae.

Kweli kuna ngazi. Inashuka ikizunguka, na kuta zake zimejisokota kama kitenge kinachokamuliwa. Kuna joto zuri, na taa imewashwa mahali fulani.

"Mikunjo inaelekea wapi?" anauliza Glavu kutoka mkononi mwake.

Ambakisye anaipapasa. "Inaelekea kushoto."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Inanivuta mkono wenyewe."

"Safi. Usisahau tukitoka, maana huku ndani kila mtu ana hakika."

Ngazi inaishia kwenye ofisi ya kata. Ni ileile ofisi yetu, na benchi lake lenye mguu mmoja uliofungwa waya, isipokuwa dirishani panaonekana mbavu za Madamu. Kwenye benchi wamekaa watu wanasubiri. Wa kwanza ni mtungi mkubwa sana, umevimba pande zote, unavuja chini.

"Samahani kwa kulowesha sakafu," unasema mtungi. "Mimi ni Maji Mengi. Tumbo la ng'ombe likijaa upesi upesi mpaka akashindwa kuinuka, huyo ni mimi."

"Si wewe," anasema Glavu. "Tumbo la Madamu lilikua taratibu."

"Najua si mimi. Nimekaa tu."

Wa pili ni ndama mzee, amekauka kama ngozi ya ngoma, amefunika miguu kwa shuka na anaonekana hana haraka na jambo lolote duniani.

"Mimi ni Ndama Mkavu," anasema. "Mimi situmi dalili. Mwenye ng'ombe anasubiri, tarehe inapita, tumbo halikui, na mimi nimenyamaza zangu. Wewe wako nimemsikia anapiga mlango. Muwahi."

Wa tatu ni sindano ya kuongeza uchungu, na huyu hatulii. Anaruka juu ya benchi, anadondosha matone. "Nichomeni mimi! Nichomeni mimi! Akichelewa anachomwa, anasukuma, kwisha!"

"Kaa chini," anasema Glavu. "Mlango umefungwa, wewe unataka watu wasukumwe? Si kizazi kitapasuka!"

Sindano anakaa, ananuna.

Mwisho wa ofisi kuna mlango, nao umejisokota kama ile ngazi, hata kitasa kimehamia juu karibu na dari. Ambakisye anabisha hodi.

"Nani?" Sauti inatoka ndani, nyembamba, yenye mafua.

"Mimi. Mwenye ng'ombe."

"Mwenye ng'ombe yupi? Yule aliyeomba dume?"

Benchi zima linamgeukia. Hata Maji Mengi anaacha kuvuja. Ambakisye anatamani sakafu imfunike, lakini sakafu ni ya Madamu na haifanyi mambo hayo.

"Nilikuwa nimeshajipanga," inasema sauti. "Miguu ya mbele imetangulia, kichwa kimelala juu yake, kama inavyotakiwa. Nikamsikia mtu anaomba dume. Nikajitazama. Nikaona hapa sitakiwi, nikageuka nirudi nilikotoka. Nilipogeuka, nyumba nzima ikageuka pamoja na mimi. Sasa sirudi wala sitoki."

"Mwanangu," anasema Ambakisye, na hajui kwa nini amemwita hivyo. "Sikukukataa wewe. Nilikuwa nataka ng'ombe wa pili."

"Mimi ni ng'ombe."

"Wewe ni ng'ombe wa Mama Sekela."

"Basi ungesema hivyo. Ungeniambia kuna mtu ananingoja. Mama Sekela ni nani?"

Ambakisye anakaa chini kwenye sakafu iliyolowa, anaegemea mlango. Anamwambia habari za banda la ng'ambo ya kijito. Anamwambia juu ya paa lake, na majani ya guatemala yaliyofika mpakani, na jinsi mama yule anavyofagia kila asubuhi.

"Anafagia nini, na hakuna mtu?"

"Anafagia kwa ajili yako."

"Na hajaniona?"

"Alianza hata mama yako hajapata mimba."

Ndama anapiga chafya. "Na watu wanamwambiaje?"

"Tunamcheka."

"Nyie watu mna kazi," anasema ndama. "Mimi nataka kutoka. Lakini hewa huku inapungua, na mama amenyamaza. Sipendi anavyonyamaza."

Hapo ndipo Ambakisye alipoogopa. Tangu jioni hakuwa ameogopa hata kidogo. Madamu angeweza kufa amesimama pale anatazama ukuta, na huyu mwenye mafua afe pamoja naye, na Mama Sekela aendelee kufagia. Machozi yalimtoka, na huu si uongo, ni sehemu nyingine anayoiruka.

"Nifanye nini?" anauliza.

"Sema kwa sauti mimi ni wa nani," anasema ndama. "Mbele ya watu."

Ambakisye anasimama, anavua kofia, anawageukia wa kwenye benchi. "Jamani mliopo. Ndama huyu ni jike. Ni wa Mama Sekela. Nitamnywesha dang'a, yale maziwa ya kwanza, nitamlea mpaka aache kunyonya, na nitamvusha kijito mwenyewe bila kinyongo."

Ndama Mkavu anapiga makofi, yanalia kakaka. Maji Mengi anafurahi mpaka anamwagika, na Sindano, ambaye alikuwa amenuna, anamwaga machozi kidogo kwenye ncha.

"Vizuri," anasema Glavu. "Sasa kazi. Toka nje, huku ndani hakubiringishwi mtu."

Ambakisye anafungua mlango wa ofisi ya kata na anatokea uani kwake. Kijiji kizima kimejaa pale, kila mmoja ana kamba. Anasema hata mimi nilikuwepo, nimevaa sare ya shule ya msingi na kaptula imenibana. Mimi sikumbuki, lakini siwezi kukana.

Glavu anashuka mkononi, anapanda juu ya ndoo. "Kizazi kimejisokota kushoto, kwa hiyo ng'ombe atalazwa ubavu wa kushoto na kubiringishwa kushoto. Juu ya ubavu tunaweka ubao. Ubao unamshikilia ndama na nyumba yake visitembee. Mwili wa ng'ombe ndio utakaovifuata. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," tunasema wote, na hakuna aliyeelewa.

"Anatakiwa mtu wa kusimama juu ya ubao. Asiwe mzito sana, asiwe mwepesi sana, na awe ana shida na ndama huyu kuliko mtu yeyote."

Watu wanapisha. Mama Sekela anapita katikati, bado ameshika ufagio. Anaufikia ubao, anavua kandambili zake, anazipanga vizuri pembeni.

"Panda na viatu, Mama, hapo ni kwenye matope," anasema Bupe.

"Nimkanyage mama wa watu na viatu?" anasema Mama Sekela, na anapanda peku.

Madamu anavua miwani, anampa Bupe. "Nalala chini kwa sababu za kitabibu tu," anatangaza, kisha analala ubavu wa kushoto, taratibu, kwa heshima zote.

"Vuteni!" anasema Glavu.

Tunavuta. Madamu anaanza kubiringika, mgongo unakwenda chini, miguu inakwenda juu. Lakini Ambakisye alikuwa hajamfungua kamba ya shingoni. Kamba imefungwa kwenye nguzo, nguzo imechimbiwa kwenye kilima, na Madamu si ng'ombe wa kubembelezana na kamba. Basi kilima kikamfuata.

Kilima chote, ndugu zangu! Nyumba zinakwenda kichwa chini. Mashamba ya chai yanapita juu yetu kwa mpangilio. Kanisani kwaya iko mazoezini, inapinduka yote pamoja na kinanda, na hakuna sauti hata moja iliyopotea, tena besi zimezidi kuwa nzuri. Kijito kinapita juu ya vichwa vyetu na hakidondoshi hata tone. Ndizi, ambazo miaka yote zimening'inia, sasa zimesimama wima na zinaonekana zinafurahia.

"Maharage yangu!" anapiga kelele Bupe, kichwa chini, ameshikilia mfuniko wa sufuria.

"Nani amesahau kufungua kamba?" anauliza Glavu.

Kijiji kizima, kikiwa kimepinduka, kinamtazama Ambakisye.

"Haidhuru," anasema Glavu. "Endeleeni. Mkisimama katikati, ndipo tutakuwa na matatizo."

Katika mzunguko wote ule ni watu wawili tu ambao hawakusogea. Mama Sekela alikuwa amesimama juu ya ubao, mikono ameitandaza, miguu ameikaza, na chini ya ubao alikuwa ndama. Dunia ilikuwa inawazunguka.

"Mama, unaweza?" anauliza Ambakisye, akipita juu yake na nyumba yake yote.

"Nimesimama miaka," anasema Mama Sekela. "Zungukeni nyie."

Kilima kinakaribia kurudi. Tumbo la Madamu linalia, sauti ndefu ya kitu kinachojifungua kutoka kwenye msokoto, na mara kila kitu kinakaa pahali pake kwa kishindo kidogo. Kuku wanajikung'uta. Kwaya inamalizia ubeti. Madamu anashusha pumzi ndefu, na chupa inapasuka.

Maji hayo! Yalitosha kata nzima. Watu wanaogelea, wanacheka, wanapigana maji kama watoto. Ambakisye anabebwa, anapita juu ya ua, anamwona Glavu amejaa upepo anaelea kama bata na kumpungia vidole vyote. Kwa mbali anaona kwato mbili nyeupe zikitokeza, na juu yake pua. Anapiga kelele za furaha, na kelele hizo ndizo zilizomwamsha.

Kulikuwa kumepambazuka. Bupe hakuwepo kitandani. Sauti yake ilikuwa inatoka bandani, inaita, "Baba Lugano! Baba Lugano, njoo!"

Ambakisye alitoka bila shati. Alimkuta Madamu amesimama, anahema, anamlamba ndama ambaye alikuwa amelowa chapachapa na anapiga chafya. Bupe alikuwa amepiga magoti kwenye majani, anamfuta ndama pua.

"Nimemkuta ndiyo anatoka," alisema. "Peke yake, hata sikumvuta. Na jana nilidhani huyu tumempoteza." Aliinua mkia wa ndama, akaangalia, kisha akamtazama mumewe kwa makini. "Jike."

Ambakisye aliketi palepale kwenye mavi akacheka. Alicheka mpaka Bupe naye akacheka, ingawa hakujua wanacheka nini. Furaha ilimjaa mwili mzima. Alimshika ndama ukwato mmoja, akaupangusa kwa kiganja chake.

Lakini binadamu ni binadamu. Alipomaliza kucheka alianza kuwaza. Maneno ya ndotoni si maneno ya kikao. Kikundi bado hakijajua. Labda aiache wiki hii ipite, amzoee kidogo huyu mwenye mafua, halafu ndipo amwambie Mama Sekela polepole.

Hapo ndipo aliposikia hodi. Mama Sekela alikuwa anaingia uani, umande umemlowesha gauni, na begani ana kamba mpya ya katani. Alikuwa anachechemea.

"Ugonile, Baba Lugano," alisema. Ndiyo salamu yetu ya asubuhi, ya kumuuliza mtu amelalaje.

"Nimelala salama, Mama. Nani amekwambia kuhusu ndama?"

"Wewe. Ulivua kofia ukasema mbele ya watu. Wale wa kwenye benchi walinihadithia yote ulipotoka." Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akauweka mguu wake wa kulia juu ya goti. "Sijaja kumchukua, anyonye kwanza mpaka ashibe utoto wake. Nimekuja kumwona tu. Lakini kabla ya hapo nisaidie, siwezi kukanyaga. Ubao wako haukupigwa randa."

Bupe aliwatazama wote wawili, akachomoa pini kwenye kitenge chake, akampa mumewe bila kuuliza. Ambakisye alipiga magoti mbele ya Mama Sekela. Katikati ya unyayo kulikuwa na kibanzi cha mbao, kimezama. Alikichokonoa taratibu mpaka kikatoka, akakiweka kiganjani, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa kimenasa unywele mmoja mweupe wa ng'ombe.

"Kimetoka?" aliuliza Mama Sekela.

"Kimetoka, Mama," alisema Ambakisye, akamshika mkono na kumwinua. "Njoo umwone ndama wako."